August Hermann Francke: Moyo wa Mtu na Nyumba Aliyoijenga

Francke alizaliwa mwaka 1663 mjini Lübeck, Ujerumani. Mwaka 1687, akiwa kijana mwenye elimu nyingi, alitakiwa kuhubiri habari ya imani huko Lüneburg. Alipojichunguza akaona ya kuwa imani hiyo yeye mwenyewe hanayo. Akaogopa kuwafundisha watu neno asilolijua moyoni, akaazimu kukataa. Akapiga magoti, akaomba; mashaka yakamtoka, ndipo akahubiri.

Mwaka 1692 akawa mchungaji wa Glaucha, karibu na Halle. Watoto wa maskini walifika mlangoni pake kuomba, naye hakuona vema kuwapa mkate tu bila mafundisho. Mwaka 1695 alikuta thaler 4 na groschen 16 katika sanduku la sadaka. Hakungoja fedha nyingi. Akanunua vitabu, akaanzisha shule. Mwaka 1698 likawekwa jiwe la msingi la nyumba ya yatima. Alipofariki mwaka 1727, wanafunzi walikuwa zaidi ya 2,000.

Basi, sisi tushikao daftari za fedha na funguo za shule, tujiulize kwanza kama yeye: je, neno tunalowaamuru wengine limo ndani yetu? Maana chama hakina dhamiri nyingine ila ya watu wake.