McMillan: Tajiri Aliyeachia Nairobi Jina na Maktaba

Sir William Northrup McMillan, ambaye maktaba kongwe zaidi jijini Nairobi inaitwa kwa jina lake, hakuwahi kuliona jengo hilo. Alifariki dunia mwaka 1925, miaka sita kabla ya kufunguliwa kwake.

McMillan alizaliwa mwaka 1872 katika mji wa St. Louis, Marekani, akarithi mali nyingi ya familia yake. Mwaka 1903 aligharimia msafara wa kuuchunguza mto Nile ya Buluu nchini Ethiopia, lakini mashua zake zilivunjwa na maporomoko na msafara ukaishia njiani. Baadaye alihamia Afrika Mashariki, akamiliki shamba kubwa la Juja, ambako mwaka 1909 alimkaribisha Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani. Alishiriki Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia upande wa Uingereza, akatunukiwa cheo cha Sir, na pia alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la koloni.

Mauti yalimfika mjini Nice, Ufaransa. Mwili wake ulirejeshwa Kenya ili uzikwe kileleni mwa mlima Ol Donyo Sabuk, maarufu kama Kilimambogo. Hata hivyo, gari lililoubeba lilishindwa kuupanda mlima, hivyo akazikwa mteremkoni, na kaburi lake liko huko hadi leo.

Mjane wake, Lady Lucie, ndiye aliyeianzisha maktaba hiyo kwa kumbukumbu ya mumewe. Ilifunguliwa tarehe 5 Juni 1931 na Gavana Sir Joseph Byrne. Jengo hilo, lililo karibu na Msikiti wa Jamia, lilijengwa kwa mtindo wa mahekalu ya kale ya Ulaya: ngazi pana, safu ya nguzo ndefu zilizovikwa mawe, na sanamu mbili za simba zinazolinda lango. Mwaka 1938 ilitungiwa sheria yake mahususi.

Hata hivyo, kwa miaka 27 ngazi hizo zilikuwa za Wazungu pekee. Mwafrika na Mwasia walipita barabarani wakiwatazama wale simba, bila ruhusa ya kuingia kusoma. Lady Lucie alifariki mwaka 1957, akazikwa kando ya mumewe. Mwaka uliofuata, Baraza la Jiji la Nairobi liliichukua maktaba na kuifungua kwa watu wote.

Leo maktaba hiyo, pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, ni mali ya umma. Magazeti na nyaraka za enzi za ukoloni zilizohifadhiwa humo sasa husomwa na wajukuu wa wale waliozuiwa mlangoni.