Daktari Hirschsprung na watoto waliokosa choo

Mama au mlezi, huenda umeambiwa mtoto wako ana ugonjwa wa Hirschsprung, na jina hilo likakutisha. Ni jina la daktari wa watoto. Mfahamu kidogo, maana alichokiona yeye kinaweza kumsaidia mwanao leo.

Harald Hirschsprung alizaliwa mwaka 1830 huko Copenhagen, Denmark. Baba yake alikuwa na kiwanda cha tumbaku, lakini yeye aliiacha biashara hiyo akasomea udaktari. Hospitali ya Watoto ya Malkia Louise ilipofunguliwa mjini humo mwaka 1879, yeye ndiye alikuwa daktari mkuu.

Mwaka 1886 alikwenda Berlin, Ujerumani, akawaeleza madaktari wenzake habari za watoto wawili. Tangu kuzaliwa walipata choo kwa shida, na matumbo yao yalivimba. Wote wawili walifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Alipochunguza miili yao, alikuta utumbo mpana umetanuka sana, akaamini kwamba hapo ndipo penye ugonjwa. Alifariki mwaka 1916 bila kujua chanzo chake.

Baadaye iligundulika kwamba tatizo liko chini zaidi, kwenye sehemu iliyoonekana ya kawaida. Sehemu hiyo haina chembe za mishipa ya fahamu zinazouwezesha utumbo kusukuma choo. Choo hukwama hapo, na utumbo wa juu yake hutanuka. Mama hakusababisha hali hii kwa chakula alichokula wala kazi alizofanya.

Mwaka 1948 daktari Orvar Swenson wa Boston, Marekani, pamoja na mwenzake, walichapisha njia ya upasuaji: kuondoa sehemu isiyo na chembe hizo, kisha kuvuta utumbo wenye afya na kuuunganisha karibu na njia ya haja kubwa. Upasuaji wa leo unafuata msingi huo. Watoto wengine hutobolewa kwanza tundu tumboni la kutolea choo, na kwa kawaida hufungwa baadaye.

Mpeleke mtoto hospitali ukiona:

- Hajatoa choo cheusi cha kwanza ndani ya saa 24 hadi 48 baada ya kuzaliwa.
- Tumbo limejaa na kuwa gumu.
- Anatapika matapishi ya kijani.
- Anafunga choo tangu kuzaliwa na haongezeki uzito.

Akiharisha ghafla choo chenye harufu kali, ana homa na amelegea, usisubiri kukuche. Hiyo ni dharura, hata kama alishafanyiwa upasuaji.

Usimwingizie maji ya sabuni wala dawa za kienyeji kwa nyuma. Tumbo linaweza kupungua leo, lakini chanzo kinabaki palepale, na utumbo unaweza kutoboka. Watoto wale wawili hawakuwa na tiba ya kuwaokoa. Wako anayo, ukimwahisha.