Kocha wa mwaka ni nani? Vidinić alileta kombe, akafungwa 9-0 mwaka uleule

Kila mara CAF inapotangaza jina la kocha bora wa Afrika, ubishi unawaka kusini mwa Maniema kama kwingine nchini. Mwaka 2024 tuzo ilienda kwa Emerse Faé wa Côte d'Ivoire, na Kasongo na Kabambare wako ambao hawajakubali mpaka leo. Kwao ilikuwa haki ya Sébastien Desabre, aliyewafikisha Leopards nusu fainali. Wengine wanamtetea Mkongomani mwenzetu Papy Kimoto, aliyeiongoza Maniema Union ya Kindu kwenye hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Lakini wazee wakiingia katika mazungumzo, lazima lirudi jina la miaka 50 iliyopita: Blagoje Vidinić.

Wakati wake tuzo hiyo ya CAF haikuwepo. Kama ingekuwepo mwaka 1974, sijui kama kuna mtu angethubutu kumpa, na sijui pia kama kuna mwingine aliyeistahili kumzidi.

Vidinić alizaliwa Skopje mwaka 1934, katika Yugoslavia ya zamani. Alikuwa golikipa, tena wa kiwango cha juu. Alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956 na ya dhahabu Roma mwaka 1960. Mwaka huohuo wa 1960 alisimama golini Paris katika fainali ya kwanza ya Kombe la Ulaya, Yugoslavia ikafungwa 2-1 na Urusi ya Kisovyeti katika muda wa nyongeza. Alimalizia uchezaji wake Marekani, kisha akaja Afrika kama kocha.

Alianzia Moroko. Katika Kombe la Dunia la Mexico, mwaka 1970, timu yake ilitangulia kuifunga Ujerumani Magharibi kabla ya kushindwa 2-1, na baadaye ikatoka sare 1-1 na Bulgaria. Ile ilikuwa pointi ya kwanza ya timu ya Afrika katika Kombe la Dunia.

Halafu akaitwa Zaire, jina la nchi yetu wakati ule. Hapa wanaombishia wana hoja. Wanasema alikuta chakula kimeshapikwa: Mazembe, ikiitwa bado Englebert, ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, Vita Club ikachukua kombe hilo mwaka 1973, na timu ya taifa yenyewe ilishakuwa bingwa huko Addis Ababa mwaka 1968 chini ya Mhungaria Ferenc Csanádi, kwa bao la Kalala dhidi ya Ghana. Ni kweli yote. Lakini wachezaji wazuri tunao hata leo, na kombe hatulioni.

Vidinić aliifunga Zambia nyumbani na ugenini, akaifunga Moroko, timu yake ya zamani, 3-0 Kinshasa mwezi wa 12 mwaka 1973. Zaire ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kwenda Kombe la Dunia. Mobutu akawaahidi wachezaji nyumba na magari. Mwezi wa tatu mwaka 1974, huko Misri, timu ilikuwa nyuma 2-0 mbele ya wenyeji katika nusu fainali, ikageuza na kushinda 3-2. Fainali na Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa baada ya siku mbili, Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya fainali hizo yalikuwa ya Ndaye Mulamba, aliyefikisha tisa katika mashindano, na hakuna aliyemfikia mpaka sasa.

Miezi mitatu baadaye walikuwa Ujerumani. Mechi ya kwanza walifungwa 2-0 na Scotland, bila aibu yoyote. Kisha wachezaji wakajua kwamba pesa zao hazipo. Baadaye walisimulia kwamba zilipotea mikononi mwa wakubwa waliosafiri nao, na kwamba walitaka kugoma. Tarehe 18 mwezi wa sita wakaingia uwanjani Gelsenkirchen, na mpinzani alikuwa Yugoslavia, nchi ya kocha wao.

Dakika ya 20 hivi, mabao yakiwa 3-0, golikipa Kazadi Mwamba wa Mazembe akatolewa. Akaingia Tubilandu, kijana mfupi sana kwa kazi ile, na mpira wa kwanza alioushika aliutoa wavuni. Ndaye akapewa kadi nyekundu kwa kosa la Mwepu Ilunga, refa akichanganya watu. Mapumziko 6-0, mwisho 9-0.

Wengi Kasongo na Kabambare mechi ile waliifuata kwa redio. Redio haionyeshi urefu wa golikipa wala uso wa mchezaji ambaye hajalipwa. Inatoa hesabu ya mabao tu, na kutoka hesabu ile likazaliwa neno moja: kocha ametuuza kwa ndugu zake. Vidinić alieleza baadaye kwamba amri ya kumtoa Kazadi ilitoka kwa mtu wa wizara. Mimi naona ni rahisi kuamini hivyo. Golikipa wa zamani wa fainali ya Ulaya anajua vizuri kuliko wote kwamba Kazadi hakuwa na kosa la kutolewa. Lakini kocha ni yeye, na kama alikubali kuamrishwa, sehemu ya zile tisa ni yake.

Mechi ya mwisho Brazil walishinda 3-0. Mwepu alisimulia kwamba watu wa Mobutu walikuwa wamewaonya wasizidishe hapo.

Vidinić akaenda kufundisha Colombia, akaishi miaka yake ya mwisho Strasbourg, Ufaransa, akafa huko mwaka 2006. Kombe alilolileta kutoka Cairo ndilo la mwisho kwa Leopards katika mashindano hayo ya Afrika.