Padre Alexis Kagame, Mwandishi wa Maneno ya Wazee

Kila mwaka, Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Agosti, nchi yetu hufanya sikukuu ya Umuganura, yaani sikukuu ya mazao mapya. Ngoma hupigwa, intore hucheza, na mtama na maziwa hugawiwa watu. Wenzetu wengi hudhani kwamba sherehe hii haikukatika tangu zamani. Sivyo. Mwaka wa 1925 serikali ya Kibelgiji iliikomesha katika nyumba ya Mwami, na Gashamura, mmoja wa wakuu wa abiru walioitunza, akahamishwa kwenda Burundi. Haikurudishwa kuwa sikukuu ya taifa mpaka mwaka wa 2011. Yafaa basi kumjua mtu aliyejitahidi kuliko wengine kuyaandika maneno ya abiru na ya watunzi wa mashairi kabla hayajazikwa pamoja nao.

Alexis Kagame alizaliwa tarehe 15 Mei 1912 huko Kiyanza, kaskazini ya Kigali. Watu wa ukoo wake walikuwa miongoni mwa watunzaji wa habari za Mwami, kwa hiyo tangu utoto alisikia masimulizi ambayo watoto wengine hawakuyasikia. Mwaka wa 1929 aliingia seminari ya Kabgayi, na mwaka wa 1941 akapewa upadre. Alifanya kazi pia katika gazeti la Kinyamateka, na pengine huko ndiko alikozoea kuandika upesi na kwa wingi.

Alikuwa bado mseminari alipoanza kukusanya ibisigo, mashairi marefu ya kuwasifu wafalme. Mashairi hayo hayakuwa yameandikwa popote. Yalikaa vichwani mwa watu wa koo maalumu za watunzi, baba akimfundisha mwana, na kila ukoo ulipaswa kuwa na mtu barazani aliye tayari kuyasema bila kukosea. Wazee husimulia kwamba aliyeanzisha utunzi huo ni mwanamke, Nyirarumaga, wakati wa Mwami Ruganzu Ndoli. Mwami Mutara Rudahigwa, aliyetawala tangu 1931 hata 1959, alimpenda kijana huyu na kumfungulia mlango. Aliwaamuru wazee wamsomee mashairi yao, naye akayapata zaidi ya mia moja.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa ubwiru, maana hiyo ilikuwa siri. Mwiru alikula kiapo, na kutoa siri kulikuwa kosa kubwa mno. Katika miaka ya 1940 Mwami mwenyewe aliwataka abiru wamwambie Kagame njia zote za mila za ufalme, pamoja na njia ya Umuganura. Hebu mfikirie mzee aliyefunga kinywa maisha yake yote, sasa anaketi mbele ya padre mwenye kalamu! Sijui kama mimi ningalithubutu kusema. Lakini wazee walikuwa wakifa, na vijana wao walikuwa shuleni wakijifunza mambo mengine.

Vitabu vyake vikafuata. Inganji Karinga, historia ya ufalme kwa Kinyarwanda, ilianza kutoka mwaka wa 1943. Mwaka wa 1949 alitoa Indyohesha-birayi, na hapa wanafunzi watacheka: ni shairi la kumsifu nguruwe, anayetia ladha katika viazi, kwa maneno yale yale ya fahari ambayo watunzi waliwapa mashujaa na ng'ombe wa Mwami. Mwaka wa 1952 akatoa kitabu juu ya sheria na vyeo vya utawala wa zamani. Wabelgiji hawakukifurahia, na mwaka ule ule akapelekwa Roma.

Kama walitaka anyamaze, walikosea. Huko Roma alipata udaktari wa falsafa mwaka wa 1955, kwa kazi aliyoichimba katika lugha yetu wenyewe. Aliona kwamba vitu vyote vilivyopo vimegawanyika katika maneno manne: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Msomaji wa Kiswahili atatambua mara moja mtu na kitu, naye mahali na namna atazipata katika mawili yaliyobaki. Shina ni lile lile moja, -ntu. Maneno tunayoyatamka kila siku tukiomba chumvi mezani, yeye aliyafanya kitabu kilichosomwa Ulaya nzima.

Alirudi mwaka wa 1958. Mwaka uliofuata Mwami Mutara akafa Bujumbura, na mwaka wa 1961 ufalme ukaondolewa. Baraza lililowalisha watunzi na abiru likatoweka kabisa. Mashairi yaliyokuwa hayajaandikwa yalibaki bila mahali pa kusemwa.

Si kila mtu aliyemkubali. Wanahistoria, kama Jan Vansina, walizipinga tarehe alizozipa wafalme wa kale, wakasema pia kwamba alisikiliza zaidi baraza la Mwami kuliko vijiji vya mbali. Nami naona walikuwa na haki. Anayesimuliwa na washindi husikia ushindi, na mkulima wa kaskazini aliyetozwa ng'ombe wake hakuwa na mtunzi wa kumsemea. Lakini makosa ya kitabu twaweza kuyabishania kwa kuwa kitabu kipo.

Tangu 1963 Kagame alifundisha katika Chuo Kikuu kipya cha Butare, akaandika bila kupumzika, na mwaka wa 1976 akatoa kitabu kingine kinachofananisha fikira za Wabantu wa nchi nyingi. Alifariki Nairobi tarehe 2 Desemba 1981, akiwa na umri wa miaka 69.