Bibi Christina Rossetti na Kitabu Chake cha Watoto

Wasomaji wetu wenye watoto huenda wameviona vile vitabu ambamo shairi fupi limewekwa pamoja na picha ya Monet au mwenzake wa Ufaransa, picha za maua na maji na mwanga wa jua. Twavipenda. Lakini kazi hii ya kuoanisha shairi na picha kwa ajili ya mtoto ilikwisha kufanywa vizuri zamani na mwanamke wa Kanisa la Uingereza.

Christina Rossetti alizaliwa London tarehe 5 Desemba 1830. Baba yake alikuwa Mwitaliani aliyeikimbia nchi yake kwa sababu ya siasa. Kaka yake, Dante Gabriel, alikuwa mchoraji, na alipochora sura ya Bikira Maria alimketisha dada yake mbele yake ili amtazame.

Imani ilimgharimu Christina. Mwaka 1850 mchumba wake, James Collinson, alirudi katika Kanisa la Roma, na uchumba ukavunjika. Mwaka 1866 Charles Cayley, mtu mpole mwenye elimu nyingi, alitaka kumwoa. Christina alimpenda, walakini akamkataa, kwa kuwa hawakuwa na imani moja. Hakuolewa, wala hakupata mtoto. Kwa miaka kama kumi alisaidia katika nyumba ya Kanisa huko Highgate, iliyowapokea wanawake walioanguka ili waanze maisha mapya.

Ndipo akatunga Sing-Song, kitabu cha mashairi mafupi zaidi ya 100. Katika mswada wake alichora mwenyewe kwa penseli, kila shairi na kipicha chake. Hakuwa mchoraji hodari, lakini alijua alitaka mtoto aone nini anaposomewa. Arthur Hughes, aliyepewa kazi ya kuchora picha 120 za kitabu, alifuata baadhi ya vipicha vile. Kitabu kilitoka kikiwa na tarehe ya 1872.

Mna mashairi ya kufundisha rangi, miezi na hesabu ya fedha (shilingi yao wakati ule ilikuwa peni 12, si senti 100 kama yetu). Mna ya kuchekesha. Tena mna ya vifo vya watoto wachanga. Wako wazazi ambao wangependa kuyaondoa haya. Sisi twaona alifanya vema. Nyumba iliyozika mtoto ina ndugu zake wadogo wanaouliza, na mara nyingi sisi wakubwa twanyamaza. Yeye aliwapa maneno machache na picha ya kutazama.

Kitabu alikitoa kwa heshima ya mtoto mchanga aliyemtia moyo wa kukitunga. Mtoto huyo alikuwa wa Profesa Arthur Cayley wa Cambridge, ndugu yake yule Charles aliyemkataa.

Wakati kitabu kikitayarishwa, mwaka 1871, Christina alishikwa na ugonjwa wa tezi ya shingo. Macho yalimtoka, nywele zikapukutika, hata jamaa zake waliogopa atakufa. Alipona, lakini sura yake haikurudi kama zamani. Januari 1872 lilitoka shairi lake la Krismasi ya baridi kali, ambalo Gustav Holst alilitilia sauti mwaka 1906, nalo laimbwa hata leo.

Charles Cayley alibaki rafiki yake mpaka alipofariki mwaka 1883, akamwachia Christina maandiko yake ayatunze. Christina mwenyewe alifariki tarehe 29 Desemba 1894, akazikwa Highgate. Kanisa la Uingereza humkumbuka kila tarehe 27 Aprili.