Ludwig Guttmann: daktari aliyeunda timu ya kuwahudumia walioumia uti wa mgongo

Mtu anapoumia uti wa mgongo, ndugu wengi huanza kumtafuta daktari bingwa mmoja atakayemponya. Maisha ya Ludwig Guttmann yanatuonyesha kwamba mgonjwa huyu anahitaji watu wengi wanaofanya kazi pamoja. Wewe mama, au wewe mlezi unayemgeuza usiku, ni mmoja wa watu hao.

Kifo kilichomgusa akiwa kijana

Guttmann alizaliwa tarehe 3 Julai 1899 katika familia ya Kiyahudi, katika mji mdogo wa Tost. Wakati huo mji huo ulikuwa Ujerumani. Leo uko Poland. Mwaka 1917, kabla ya kuanza masomo ya udaktari, alikuwa mhudumu katika hospitali iliyopokea majeruhi wa migodi ya makaa ya mawe.

Siku moja aliletwa mchimbaji kijana, mwenye mwili wa nguvu, aliyevunjika mgongo. Alifungwa plasta ngumu na kutengwa na wagonjwa wengine. Guttmann aliambiwa asihangaike naye kwa sababu hangeishi zaidi ya wiki chache. Baada ya wiki tano kijana yule alifariki. Hakuuawa na mfupa uliovunjika. Aliuawa na vidonda vya kulala pamoja na maambukizi ya njia ya mkojo, vijidudu vilipoenea kwenye damu.

Guttmann alikuja kuwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu katika mji wa Breslau. Mwaka 1933 utawala wa Wanazi uliwaondoa madaktari Wayahudi katika hospitali za umma, naye akahamia hospitali ya Kiyahudi. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, Wayahudi waliposhambuliwa nchi nzima, aliagiza kila aliyekuja kuomba hifadhi apokewe bila kuulizwa. Kesho yake polisi wa siri walipofika, alipita nao kitanda kwa kitanda akieleza ugonjwa wa kila mmoja. Kati ya watu 64, aliwaokoa 60. Mwaka uliofuata alikimbilia Uingereza na mke wake na watoto wao wawili.

Wodi ya Stoke Mandeville

Tarehe 1 Februari 1944, vita vikiendelea, alifungua kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Wakati huo wengi walioumia hivyo hawakutarajiwa kuishi muda mrefu, na madaktari wengine waliona ni kazi isiyo na faida.

Guttmann alianza na jambo ambalo halikuhitaji mashine. Aliagiza kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Mtu asiyehisi mwili wake hajui kwamba ngozi imebanwa kati ya mfupa na godoro. Damu ikikosa kupita mahali hapo, nyama hufa na kidonda huanza. Kwa hiyo wauguzi na wahudumu waligawana zamu, na Guttmann mwenyewe alizoea kutokea wodini usiku kuhakikisha kazi inafanyika.

Jambo la pili lilikuwa mkojo. Mpira wa kutolea mkojo uliingizwa kwa usafi mkali, mkojo ukatoka, kisha mpira ukaondolewa. Hivyo maambukizi yalipungua na figo zikalindwa.

Mwaka 1947, yeye na mwenzake Whitteridge walichapisha maelezo ya hatari nyingine: kwa mtu aliyeumia sehemu ya juu ya mgongo au shingoni, kibofu kilichojaa kinaweza kupandisha shinikizo la damu kwa ghafla. Hili bado ni la kweli. Mgonjwa wako akiumwa kichwa kwa nguvu ghafla, akatokwa jasho na uso kuwa mwekundu au moto, mketishe wima na umlegezee nguo. Angalia kama mpira wa mkojo umejikunja au mfuko umejaa, kisha mpeleke hospitali haraka.

Kila mmoja na kazi yake

Guttmann hakuridhika kuona wagonjwa wakiishi tu. Alitaka warudi nyumbani na kazini. Wataalamu wa fiziotherapia waliimarisha mikono na mabega ili mgonjwa aweze kujiinua na kuhamia kwenye kiti cha magurudumu. Wagonjwa walifundishwa useremala, kutengeneza saa na kupiga chapa. Michezo nayo ikawa sehemu ya tiba. Alikuwa mkali, lakini wagonjwa walimpa jina la utani lenye maana ya baba.

Tarehe 29 Julai 1948, siku Olimpiki ya London ilipofunguliwa, aliandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde na mshale kwa watu 16 waliokuwa kwenye viti vya magurudumu, wanaume 14 na wanawake wawili. Mwaka 1960 michezo hiyo ilifanyika Roma, na ndiyo inayohesabiwa leo kuwa Paralimpiki ya kwanza. Huko Margaret Maughan alishinda medali ya dhahabu ya kulenga shabaha. Mwaka mmoja tu kabla yake alikuwa amepooza kwa ajali ya barabarani nchini Malawi, alikokuwa mwalimu, kisha akatibiwa Stoke Mandeville. Guttmann alifariki tarehe 18 Machi 1980.

Timu ya mgonjwa wako

Leo, mtu aliyeumia uti wa mgongo au ubongo anaweza kuhudumiwa na hawa:

- Daktari, anayefuatilia jeraha, dawa, kibofu na figo.
- Muuguzi, anayekagua ngozi na kukufundisha kutunza mpira wa mkojo.
- Mtaalamu wa fiziotherapia, anayelinda viungo visikakamae.
- Mtaalamu anayemfundisha upya kula, kuvaa na kuoga.
- Mtaalamu wa usemi na umezaji, hasa kwa aliyeumia ubongo.
- Mshauri nasaha na ofisa ustawi wa jamii.
- Mgonjwa mwenyewe, pamoja na wewe.

Huenda hospitali yenu haina wote hawa. Uliza waliopo ni nani, na kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani omba ufundishwe kwa vitendo: kumgeuza, kumhamisha na kutunza mpira wa mkojo. Kila siku kagua ngozi kwenye visigino, nyonga na juu ya makalio. Ukiona alama mahali ambapo rangi imebadilika na hairudi, usimlaze upande huo, na umjulishe muuguzi. Homa, au mkojo mchafu wenye harufu kali, ni sababu ya kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kumbuka pia kwamba pale Stoke Mandeville kugeuza wagonjwa kulikuwa kazi ya zamu. Hakuna muuguzi aliyeachiwa mgonjwa peke yake mchana na usiku, wiki baada ya wiki. Nyumbani pia kusiwe hivyo. Mfundishe baba, shangazi, mtoto mkubwa au jirani unayemwamini, kisha pangeni zamu. Ukipata usingizi wa kutosha, macho yako yataiona ile alama ndogo kwenye ngozi kabla haijawa kidonda.