Ibn Khaldun: Mwanachuoni aliyeijua dola kwa ndani

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mfalme wa kweli ambaye ufalme Wake hauna mwanzo wala mwisho. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, yapo maswali ambayo kila mwenye akili hujiuliza walau mara moja. Ni kitu gani kinachowafanya watu maelfu wamtii mtu mmoja, hali wao ni wengi na yeye ni peke yake? Na kwa nini dola iliyotetemesha nchi jana, leo yavunjwa na watu wachache waliotoka jangwani? Katika umma wetu alikuwapo mwanachuoni aliyeyashughulikia maswali haya kuliko wote waliomtangulia. Hakuyajibu akiwa ametulia msikitini tu. Aliyajibu baada ya kuwa karani, waziri, balozi, mfungwa, mkimbizi na kadhi. Huyo ni Abdurrahman bin Muhammad, maarufu kwa jina la Ibn Khaldun, na Ijumaa ya leo tunapenda kuwasimulia maisha yake.

Ibn Khaldun alizaliwa mjini Tunis siku ya mwanzo ya mwezi wa Ramadhani mwaka 732 Hijria, sawa na Mei 1332. Ukoo wake ulijinasibisha na Hadhramaut kule Yemen, nchi ambayo familia nyingi za mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Unguja, nazo huitaja kuwa chimbuko la mababu zao. Wazee wake walihamia Andalusia, wakakaa mji wa Seville uliokuwa ukiitwa Ishbilia, wakawa watu wa vyeo na elimu. Mji huo ulipokaribia kutekwa na Wakristo mwaka 1248, walivuka bahari na kuhamia Afrika ya Kaskazini. Kwa hiyo mtoto huyu alilelewa katika nyumba ambamo habari za dola zilizoanguka zilikuwa ni habari za nyumbani.

Alihifadhi Qur'ani, akasoma fiqhi ya Imam Malik, hadithi, lugha na mashairi, kisha mantiki na falsafa kwa mwalimu wake mkubwa, al-Abili. Alipofikia umri wa miaka 17 ukaja msiba. Tauni iliyofagia nchi za Kiislamu na Ulaya katika miaka ya 1348 na 1349 iliingia Tunis, ikawachukua baba yake, mama yake na wengi katika walimu wake. Kijana akabaki yatima, na tangu hapo hakusahau kwamba jamii ya wanadamu, hata ikistawi vipi, yaweza kunyauka katika msimu mmoja.

Akaingia katika utumishi wa watawala. Kazi yake ya kwanza, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, ilikuwa kuandika alama rasmi ya sultani juu ya nyaraka za serikali mjini Tunis. Baadaye alikwenda Fez, Morocco, kwa Sultani Abu Inan. Katika baraza la huyo Abu Inan ndimo alimofika Ibn Battuta, msafiri aliyewahi kutembelea Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Ibn Khaldun ameandika kuwa watu wa barazani walimdhania Ibn Battuta kuwa mwongo kwa maajabu aliyoyasimulia, na kwamba waziri mmoja alimwonya yeye asikimbilie kukanusha habari za nchi ambazo hakuziona. Somo hilo alilishika maisha yake yote: habari hupimwa kwanza, haikubaliwi kibubusa wala haikataliwi kibubusa.

Hapo Fez ndipo alipoionja nguvu ya dola kwa upande wake wa pili. Mwaka 1357 alituhumiwa kula njama na amiri mmoja wa Bijaya aliyekuwa amezuiwa mjini humo, akatiwa gerezani karibu miaka miwili, na hakutoka mpaka Abu Inan alipofariki. Mwaka 1362 alivuka kwenda Granada, akapokewa kwa heshima na Sultani Muhammad wa Tano na waziri wake, mwanafasihi Ibn al-Khatib. Mwaka 1364 akatumwa kuwa balozi kwa Pedro, mfalme wa Castile, aliyekuwa Seville. Mfalme huyo alitaka kumbakiza kwake, akaahidi kumrudishia mali za wazee wake. Ibn Khaldun akakataa, akarejea kwa aliyemtuma.

Mwaka 1365 alikuwa Bijaya, katika Algeria ya leo, akiwa hajib, yaani mtu wa kwanza baada ya mtawala, na papo hapo akihutubu na kusomesha msikitini. Alipanda mwenyewe milimani kukusanya kodi kwa makabila ya Waberiberi. Haukupita muda mrefu, mtawala wake aliuawa vitani na binamu yake, na Ibn Khaldun akamkabidhi mshindi funguo za mji. Kwa karibu miaka kumi iliyofuata alikuwa akihama kutoka sultani huyu kwenda kwa yule, akiwashawishi watu wa makabila wamuunge mkono aliyekuwa akimtumikia wakati huo. Rafiki yake Ibn al-Khatib alinyongwa gerezani Fez mwaka 1374, na juhudi zake za kumwombea hazikufaa kitu. Ndipo alipochoka.

Mwaka 1375 aliomba hifadhi kwa kabila la Waarabu la Awlad Arif, wakamkalisha yeye na familia yake katika ngome iitwayo Qal'at Ibn Salama, mbali na miji na mabaraza yake. Alikaa humo karibu miaka minne. Mwaka 1377, katika muda wa miezi mitano, aliandika rasimu ya Muqaddima, yaani utangulizi wa kitabu chake kikubwa cha historia. Utangulizi huo ndio uliompa umaarufu kuliko kitabu chenyewe.

Ndugu msomaji, tusimame hapa tukitazame alichokiona. Ibn Khaldun anaanza na jambo jepesi: mwanadamu peke yake hawezi hata kujipatia mkate, kwani mkate unahitaji mkulima, msagaji, mwokaji na mhunzi wa kutengeneza zana. Lazima watu waishi pamoja. Lakini wakiishi pamoja, dhulma iliyomo katika nafsi zao huwafanya wavamiane. Hivyo hapana budi awepo wa kuwazuia. Huo ndio mwanzo wa utawala.

Kisha anatenganisha mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya. Kuna uongozi wa mkubwa wa kabila, ambaye watu humfuata kwa kumheshimu, bila ya yeye kuwa na uwezo wa kuwalazimisha. Na kuna ufalme, ambao ni kutawala kwa nguvu. Wa kwanza husikilizwa, wa pili huogopwa. Zaidi ya miaka 500 baadaye, mtaalamu wa Kijerumani Max Weber, aliyefariki mwaka 1920, naye alitenganisha nguvu za mabavu na mamlaka ambayo watu huyakubali kuwa ni ya haki, na vyuo vikuu hadi leo vinalisomesha jambo hilo. Tulipolisoma chuo kikuu, tulikuwa tumeshakutana na mfano wake katika maandishi ya mwanachuoni wetu.

Kinachomtoa mtu katika uongozi kumfikisha katika ufalme ni kile alichokiita asabiyya, yaani mshikamano wa watu wanaojihisi kuwa kitu kimoja hata mmoja akawa tayari kufa kwa ajili ya mwenziwe. Tusilifahamu neno hili vibaya. Mtume (S.A.W.) amekemea asabiyya ya kumsaidia ndugu katika dhulma, na Ibn Khaldun mwenyewe amelieleza hilo. Anachokizungumzia ni ile nguvu ya pamoja ambayo bila yake hakuna jambo kubwa linalosimama. Dini, asema, huizidishia nguvu hiyo nguvu nyingine, kwa kuwa huondoa husuda na kuzielekeza nyoyo upande mmoja. Akazipanga tawala katika daraja tatu: ule unaoendeshwa kwa matamanio ya mtawala, ule unaoendeshwa kwa akili ili kupata maslahi ya dunia, na ule unaoendeshwa kwa sheria ya Mwenyezi Mungu kwa maslahi ya dunia na akhera, ambao ndio ukhalifa.

Lakini mshikamano huo haudumu. Dola, kwa maoni yake, ina umri kama alivyo nao mtu, na mara nyingi haivuki vizazi vitatu, kila kizazi miaka 40. Kizazi cha kwanza ni watu wakakamavu, wanaogawana utukufu pamoja. Cha pili huzoea starehe za mjini, na mmoja hujitwalia utukufu peke yake. Cha tatu husahau kabisa ugumu wa mwanzo, hata mtawala akalazimika kuajiri watu wengine wamlinde. Hapo kinachobaki ni gamba. Akija msukumaji, huanguka.

Dalili ya kuanguka huonekana katika kodi. Dola changa hutoza kodi ndogo na kupata mapato makubwa, kwa sababu watu wana moyo wa kufanya kazi. Dola iliyozeeka huzidisha kodi kwa ajili ya anasa zake, watu wakaacha kulima na kufanya biashara, na mapato yakapungua. Badala ya kujirekebisha, ikazidisha tena. Au mtawala huingia sokoni mwenyewe kuwa mfanyabiashara, akawavunja wafanyabiashara wote, kwani nani awezaye kushindana na mwenye jeshi?

Amesimulia humo kisa cha kale cha mfalme wa Uajemi aliyeitwa Bahram, aliyesikia bundi wakilia akamwuliza mkuu wa dini yao maana yake. Mzee yule akamfasiria kwamba bundi dume anamposa jike, na jike ametaka mahari ya vijiji 20 vilivyohamwa na watu ili apate pa kulilia. Dume amekubali bila shida, kwani utawala wa mfalme huyu ukiendelea ataweza kumpa hata 1,000. Mfalme akazinduka, akawarudishia wakulima mashamba aliyokuwa amewanyang'anya na kuwagawia wapambe wake, na nchi ikastawi tena. Dhulma, kwa Ibn Khaldun, si kuchukua mali kwa nguvu tu. Kumfanyisha mtu kazi bila ujira ni dhulma, na kumtoza asichopaswa kutoa ni dhulma, na yote hayo huharibu nchi kabla ya kumharibu mwenye kudhulumiwa.

Mwaka 1378 alirejea Tunis, na mwaka 1382 akaondoka kwa nia ya hija, akafika Misri. Alisomesha al-Azhar, na mwaka 1384 Sultani Barquq akamteua kadhi mkuu wa madhehebu ya Maliki. Aliwabana mashahidi wa uongo na wapokea rushwa, akakataa maombezi ya wakubwa, na kwa hiyo maadui wakawa wengi. Wakati huo huo familia yake ilikuwa njiani kutoka Tunis. Jahazi lao likavunjika karibu na Alexandria, wakazama na mali na vitabu vyake. Mtu aliyefiwa na wazazi kwa tauni sasa akafiwa na mke na watoto kwa bahari. Akauachia ukadhi, akarudi katika kusomesha, na mwaka 1387 akahiji.

Hata hivyo dola haikumwacha. Mwaka 1401 alikuwa ndani ya Damascus wakati Timur alipouzingira mji, huku Sultani Faraj wa Misri akiwa amerejea Cairo kwa hofu ya mapinduzi. Mzee wa karibu miaka 69 akateremshwa ukutani kwa kamba, akaenda kukutana na mshindi aliyeitia hofu dunia. Alimpelekea msahafu, mswala, nakala ya Burda na visanduku vya halua ya Misri. Alikaa karibu naye siku 35 hivi, akamwandikia maelezo ya nchi za Maghribi. Lakini Damascus yenyewe haikupona: iliporwa, na moto ukaufikia Msikiti wa Bani Umayya. Maarifa yote ya mwanachuoni hayakutosha kuuzuia upanga.

Alifariki Cairo mwezi wa Ramadhani mwaka 808, sawa na Machi 1406, siku chache baada ya kuteuliwa kadhi kwa mara ya sita. Alizikwa katika makaburi ya masufi nje ya Bab al-Nasr, na kaburi lake leo halijulikani.

Sisi hatumtakasi mtu mbele ya Mwenyezi Mungu. Ibn Khaldun alibadilisha mabwana mara nyingi, na aliyeandika vizuri namna hii juu ya maradhi ya utawala hakuweza mwenyewe kukaa mbali nao. Lakini hakuificha historia yake, bali aliiandika. Nasi tuchukue yaliyo mema.

Na jema mojawapo linatuhusu majumbani mwetu. Katika Muqaddima hiyo hiyo amesema kuwa ukali wa kupita kiasi humdhuru mwanafunzi, hasa mtoto mdogo. Humwondolea uchangamfu, humtia uvivu, na humfundisha uongo na hila ili ajiokoe na kipigo, mpaka hila ikawa tabia yake. Ametaja kauli ya wanazuoni kwamba mwalimu akilazimika kumpiga mtoto, asizidishe mapigo matatu. Kisha akaongeza kwamba hivyo ndivyo zinavyokuwa umma zilizotawaliwa kwa mabavu. Kwake yeye, chuo cha watoto na dola ya sultani vinapimwa kwa mizani moja.

Wengi wa rika letu tulisoma chuoni chini ya bakora, na tunawaombea rehema walimu wetu kwa herufi walizotufundisha. Lakini tukiri ukweli: wapo wenzetu waliokimbia chuo kwa sababu ya bakora hiyo na hawakurudi tena, na wapo waliojifunza kusema uongo kabla ya kujifunza Juzuu Amma. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji na ataulizwa juu ya anaowachunga. Baba ana dola yake, mama ana dola yake, na mwalimu vile vile. Basi kila mmoja atazame: wanawe humsikiliza, au humwogopa tu? Anayeogopwa tu hutiiwa mpaka anapogeuza mgongo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn Khaldun, awape viongozi wetu uadilifu, na atujaalie sisi kuwa wachungaji wema. Amin.